Begi Jembamba la Njiti

Wahenga walituonya tusidharau wembamba wa reli, kwani gari moshi hupita juu yake, tena limesheheni, na reli haiguni. Maana yake ni kwamba nguvu ya kitu haipimwi kwa unene wake. Anayebisha na asogee karibu, asikilize habari za mawifi wawili na mabegi yao.

Mmoja alikuwa fundi cherehani, mwembamba kama mshale wa saa, hata majirani wakambandika jina la Njiti. Wa pili, dada wa mumewe, alikuwa na duka la vyombo. Huyo alikuwa pande la mtu, mwema wa moyo, ila ulimi wake haukuwa na breki. Aliitwa Mama Shehena kwa sababu hata akienda kununua nyanya alibeba mwavuli, koti na kiti cha kukunja.

Wote wawili walikuwa wanachama wa chama cha watembea msituni, na wote wawili walitaka kuwa kiongozi wa njia, yule anayetangulia mbele ya wenzake. Nafasi ilikuwa moja. Njiti aliitamani kama mgonjwa anavyotamani kupona, lakini kila alipoiomba watu walimtazama mabega wakacheka. "Upepo ukivuma tutakutafuta wapi?"

Chama kilikuwa na desturi yake. Wanaotaka uongozi hutangulia kambini, kila mmoja na begi lake, wala hawaazimani hata uzi. Mkuu wa msafara na wengine hufuata nyuma. Atakayempokea Mkuu kwa kikombe cha kwanza cha chai ya moto, huyo ndiye kiongozi. Walisema msituni maneno hayachemshi maji.

Jioni ya kuamkia safari, Njiti alimwaga vitu vyake kitandani, akawa anakiuliza kila kimoja, "Wewe una kazi ngapi?" Chenye kazi moja kilirudi kabatini. Shuka lilijibu vizuri: ni blanketi, ni taulo, na likifungwa hubeba kuni. Turubai jepesi lilikuwa paa na mkeka. Sufuria ndogo ilimeza kikombe na majani ya chai tumboni mwake. Kisu, kamba na chupa ya maji vilipita bila maswali mengi. Bandeji ilikuwa na kazi moja tu, lakini hiyo aliisamehe. Mwisho alifunga kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, akakitia katika mfuko wa pembeni alioushona mwenyewe, mahali ambapo mkono hufika bila kuomba msaada wa macho.

"Na mto wa kulalia, mke wangu?" mumewe aliuliza.

"Mto ni begi lenyewe, baba. Kazi ya pili hiyo."

Asubuhi Mama Shehena alifika na begi refu kama kabati. Ndani mlikuwa na nusu ya duka lake.

"Wifi, hilo ni begi au pochi ya harusini?"

"Ni begi, wifi. Na lako je, au unahama?"

Watu waliangua kicheko. Mama Shehena naye akacheka. "Haya! Mvua ikikunyea, usije kupiga hodi kwangu."

"Kitendawili," alisema Njiti huku akikaza mikanda.

"Tega."

"Mtumishi wangu nikimshibisha hunilemea, nikimpunguzia chakula hunitumikia."

Mama Shehena aliwaza mpaka kipaji cha uso kikakunjamana. "Nimeshindwa. Nakupa mji."

"Ahsante kwa mji. Jibu unalo mgongoni."

Wakaondoka. Mwanzoni Mama Shehena alikuwa mbele, maana nguvu alikuwa nazo kweli. Walipoanza kupanda kilima, mzigo ukaanza kumdai. Alipumzika, akapumzika tena, na Njiti akampita akitembea polepole kama maji ya mfereji. Lakini mbingu ilikuwa imenuna. Njiti aliinama kila hatua kuokota vijiti vikavu na kuvifunga ndani ya shuka, na kuinama huko kulimchelewesha. Walifika kambini wakifuatana, na mvua nayo ikafika.

Kufumba na kufumbua, turubai la Njiti lilikuwa limefungwa kati ya miti miwili. Mama Shehena alipiga magoti matopeni, akaanza kutoa vitu: taa mbili, mto, sufuria tatu, kiti.

"Viberiti ninavyo vitatu!" alipaza sauti. "Vitatu! Nimeviweka wapi, jamani?"

Chini ya kilima, filimbi ya Mkuu ililia. Njiti alipeleka mkono pembeni ya begi, akatoa kiberiti. Kijiti cha kwanza kilizimika. Cha pili kikazimika. Moyo ulimdunda kama cherehani isiyo na mwenyewe. Akashika kisu, akachonga kijiti kikavu mpaka maganda yake yakawa laini kama nyuzi, akajikunja kuukinga upepo kwa mgongo wake mwembamba, akawasha tena. Moto ukashika. Ukapanda. Sufuria ikaanza kuimba.

Mkuu alitokea akichuruzika maji, wenzake wakitetemeka nyuma yake. Njiti alimpa kikombe kwa mikono miwili. Mkuu akanywa funda moja, akasita.

"Haina sukari," alisema.

Njiti akaichungulia sufuria yake.

"Sukari ninayo mimi!" Mama Shehena alipiga kelele kutoka matopeni. "Kilo nzima! Ila sijui iko wapi!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mkuu alimaliza kikombe, akakipindua wote waone.

"Desturi ilisema chai ya moto. Haikusema tamu. Kiongozi wa njia ndiye huyu."

Vigelegele vikashinda kelele za mvua. Mama Shehena aliinuka na matope yake, akamnyanyua Njiti juu begani kama mtoto, naye Njiti akicheka na kulia kwa pamoja.

"Wifi, niteremshe, utachoka!"

"Nichoke? Kutwa nzima nimebeba makorokoro, nitashindwaje kumbeba kiongozi wangu?"

Nao waliomcheka mabega wakajipanga foleni chini ya turubai lake, vikombe mkononi, wakisubiri chai. Ndipo wote walipokiri kwamba usione wembamba wa reli, gari moshi hupita juu yake.