Ngiri Aingiaye Kinyumenyume

Paukwa!
Pakawa!
Aa, mnaitika kama mliofunga! Paukwa!
Pakawaaa!
Haya, sasa mmefuturu.

Hapo zamani za kale moto ulipita mbugani, vuuu! Ukala nyasi, ukala vichaka, ukafukia mashimo kwa majivu. Bi Nungunungu akabaki nje na mapacha wake. Siku ya kwanza nje. Siku ya pili nje. Siku ya nane, nje! Na mawingu ya masika yanajikusanya.

Mashimo matupu yalikuwepo. Muhanga huchimba leo, kesho akahama, ndiyo tabia yake. Lakini baraza la wanyama liliyaziba kwa mawe. Eti ni ya wageni. Wageni gani? Hata mimi sijui.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Kobe. Na sheria ilikuwa moja: asiye na mlango hasemi. Bi Nungunungu akaja, akafungua mdomo tu, Kobe akamkata.

"Wa mlango gani wewe?"

"Sina, mzee."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Mimi hapa hukasirika kila nikisimulia.

Ngiri akasimama. "Mzee Kobe, mimi nina mlango. Naomba kusema."

"Wewe? Unayeingia kwako kwa makalio?"

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa! Ngiri naye akacheka.

"Kweli, naingia kinyumenyume. Nimefukuzwa mashimo saba, wazee wangu. La saba nililala nimeelekea ukutani, sikumwona aliyekuja kunitoa. Tangu siku hiyo uso wangu hutazama nje. Huu mwaka wa tatu nina shimo, na bado silali nikashiba usingizi."

Kicheko kikakatika.

"Wavivu tu hao," akasema Kobe. "Kwa nini wasibebe nyumba mgongoni kama mimi?"

"Yako uliijenga lini, mzee?"

Kobe akakohoa, kho! kho!

"Basi nakuomba jambo dogo," akasema Ngiri. "Toa kichwa, toa miguu, usivirudishe mpaka baraza liishe."

"Hilo tu? Rahisi kama kunywa maji!"

Kobe akatoa shingo, ndeeefu. Nzi akaja, nzzz, akatua puani. Kobe akavumilia. Tone la mvua likaanguka, to! Kobe akakunja uso. To! To! To! Upepo nao, vuuu! Kobe akarudi ndani, chwap!

"Baridi!" akalia humo humo.

"Pole, mzee. Bi Nungunungu ana siku ya nane nje. Mimi nimesema yangu ya zamani. Ya leo anayajua yeye. Mwacheni aseme."

Bi Nungunungu akasimama.

"Sina mlango. Nina watoto wawili, na mmoja anakohoa. Ondoeni mawe."

Sauti ikatoka ndani ya gamba: "Yaondoeni! Yote!"

Wakayasukuma, gudu gudu gudu! Bi Nungunungu akaingia na wanawe, na mvua ikamwagika, shaaa! Akachungulia nje. Akamwona Fuko, naye aliunguliwa, amelowa chapachapa, anaona haya kupiga hodi.

"Sogeeni, wanangu," akasema, "na mlaze miiba yenu. Kuna mwenzetu nje."

Wakubwa kwa wadogo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukitaka kumsaidia asiye na pa kulala, kwanza msikilize aliyelala nje.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyekaa karibu na mlango, hebu atazame nje.