Kifuniko Kilichofungwa Kikiwa Wazi

Kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba anayekudhuru mara nyingi hatoki mbali. Yu karibu nawe kama chawa alivyo karibu na ngozi. Watu huipenda sana methali hii kwa sababu huwapa ruhusa ya kuwakazia macho ndugu na majirani. Wachache hukumbuka kwamba nguo inayotajwa ni ya msemaji mwenyewe, na kwamba kabla hajapekua za wenzake, ingefaa akung'ute ya kwake. Fundi cherehani mmoja alilisahau hilo siku moja, tena siku ambayo hakutakiwa kusahau kitu.

Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, aliyeshona kwa miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja chenye meza ndefu ya kukatia, cherehani mbili na taa ya shingo ndefu. Kwenye mkono wake wa kushoto alivaa bangili pana ya kitambaa iliyoshonewa sumaku ndani, na juu yake pini zilinata tayari kuchomolewa. Aliivaa asubuhi kama wengine wavaavyo saa. Aliivua akienda kuoga na akienda kwa watu, kwa maana si adabu kumkumbatia mtu ukiwa na pini mkononi.

Ufundi alikuwa nao, ila cheti hakuwa nacho. Ndiyo maana roho ilimdunda chuo kimoja cha ushonaji kilipokubali kumjaribu awe mwalimu. Kwa kuwa chuo kilikuwa mbali, jaribio lingefanyika kwa video: angekata na kushona kola ya shati huku watahini watatu wakiitazama mikono yake. Mara ya kwanza mtandao ulikatika kabla hajachora mstari. Mara ya pili ulikatika akiwa ameshika mkasi. Watahini walimwandikia kwa upole kwamba wangempa nafasi ya tatu, siku ya hadithi hii saa nane mchana, na kwamba nafasi ya nne haipo.

Laptopu yake ilikuwa kuukuu, aliyoirithi kwa mpwa wake wa kike aliyekuwa masomoni akisomea kompyuta. Kabla ya kuondoka, binti huyo aliifuta yote akaiwekea mfumo endeshi huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuusoma na kuurekebisha apendavyo. Fundi aliupenda tangu siku ya kwanza. Yeye alikuwa mtu wa kugeuza nguo ndani nje kabla ya kuisifu, na hatimaye alikuwa amepata mashine iliyokubali kugeuzwa. Amri alizofundishwa aliziandika kwenye daftari la vipimo, katikati ya mabega na viuno vya wateja.

Mtandao wenyewe ulitoka kwenye ruta iliyokaa sebuleni kwa wifi yake, mke wa kaka yake na mama wa yule mpwa, aliyetenganishwa naye na ukuta mmoja tu. Kwa kuwa mjini mtandao usio na waya nao huitwa wifi, utani haukuisha katika nyumba hizo mbili. "Wifi yupo?" mmoja angeuliza, na mwingine angejibu, "Yupi? Wa kupika au wa hewani?"

Asubuhi ya siku hiyo hapakuwa na utani. Fundi alifungua laptopu, akawasha kamera, akainama kuigeuza ielekee mezani. Mtandao ukakatika. Akauwasha, ukaja. Akainama tena, ukakatika tena. Akavua bangili yake, akaitundika kwenye shingo ya taa, akabeba laptopu mpaka kwa wifi yake. Huko alikaa nusu saa nzima, na mtandao haukutikisika hata kidogo.

"Wifi, kwako unakwenda mbio," alisema. "Kwangu unakufa kila nikiugusa."

"Labda ni ukuta," wifi yake alijibu huku akikunja nguo za kufua. "Kuta za siku hizi zina vyuma."

"Ukuta ulikuwepo mwezi juzi, na mtandao ulikuwa mzima. Umeanza kuugua mwezi huu, nilipoitwa na chuo."

Wifi aliacha kukunja. "Unasemaje?"

Fundi alijua kwamba kunyamaza kungekuwa busara. Lakini alikumbuka maneno ambayo wifi yake aliyasema siku barua ya chuo ilipofika: "Ukienda kufundisha, mimi nani atanishonea?" Wakati ule walicheka wote wawili. Sasa kicheko kile kilimkwama kooni.

"Sisemi kitu," alijibu. "Ila waliosema walisema. Kikulacho..."

Akaliachia hapo. Kati yao methali ilikuwa kama kamba ya kuanikia nguo: mmoja hushika mwanzo, mwenzake hufunga mwisho. Safari hii wifi hakushika kitu. Aliinua mrundo wa nguo, akaingia chumbani, akafunga mlango taratibu. Mlango ukibamizwa mtu hujua atajibu nini, lakini ule uliofungwa taratibu ulimwacha Fundi amesimama sebuleni kama mgeni.

Alirudi kwake akavaa bangili. Hajakaa sawa, akaona dirisha lake linafunguliwa kwa nje. Wifi alikuwa amesimama na ruta mikononi, na nyuma yake waya mrefu ukijiburuta kutoka sebuleni kwake. Akaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, shubiri mbili kutoka kwenye meza ya kukatia.

"Haya. Kaa nayo mwenyewe, mtu asije akasema ninamla," alisema.

Taa za ruta zilikuwa zinawaka zote. Fundi alivuta laptopu, akaegemeza mkono ili aandike neno la siri. Mtandao ukakatika.

Wifi akatoa simu yake, akaitazama, akaonyesha kioo. "Kwangu upo. Hata mwanangu namwona hapa kwa video, anakula." Aliondoka na mgongo wake umenyooka, na Fundi akaona aibu mpaka masikio yakapata moto. Alikuwa amemtuhumu mtu, na mtuhumiwa amemletea ushahidi hadi dirishani.

Saa sita na nusu ikamkuta anampigia simu mpwa wake.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako inataka kuniua."

"Umeiuliza?"

"Nimuulize nani?"

"Mashine, shangazi. Mfumo huo si mwongo, ila hausemi mpaka uulizwe. Si nilikufundisha amri ya kuuliza hali ya redio ya mtandao, ile inayoshika mawimbi? Iandike, unisomee."

Fundi alipekua daftari, akaikuta chini ya kiuno cha mke wa mwalimu mkuu. Akaiandika kwa vidole viwili. Jibu likaja, akalisoma: redio ni nzima, imezuiwa kwa amri.

"Basi ruta haina kosa," mpwa alisema. "Ruta ingekufa, mashine ingesema haioni mtandao. Hapo mashine yenyewe imeambiwa ifunge masikio."

"Imeambiwa na nani?"

"Hilo sijui, mimi siko huko. Fungua lile daftari lake la kumbukumbu, uliache wazi lenyewe likiandika, utazame. Kila tukio linaandikwa na saa yake. Mwalimu ameingia, shangazi. Msalimie mama."

Simu ikakatika. Hilo la kumsalimia mama lilimchoma, lakini alilimeza, akafungua daftari la mashine.

Mistari ilikuwa mingi, mingine hakuielewa hata kidogo. Akaanza kuisoma kama anavyosoma mshono uliofumuka, kwa kutafuta pale uzi ulipokatikia. Saa nne na dakika kumi na nne mtandao ulizimwa. Mstari wa juu yake ulisema: kifuniko kimefungwa. Saa nne na dakika kumi na saba, hivyo hivyo. Saa sita na dakika tano, wifi akiwa dirishani, hivyo hivyo.

Fundi alikitazama kifuniko cha laptopu. Kilikuwa kimesimama wazi mbele yake, anauona uso wake kwenye kioo.

"Wewe," aliiambia mashine, "umelewa?"

Hapo ndipo hofu ilipomtoka, udadisi ukakaa mahali pake. Akageuza kurasa za daftari lake la vipimo na kusimama kwenye mistari mitatu ya mwandiko wake mwenyewe, ya mwezi huu. Akakumbuka. Yeye husikiliza masomo aliyorekodi huku akishona, na hukifunga kifuniko ili vumbi la nyuzi lisiingie. Kwa kuwa aliona haya kummalizia wifi yake intaneti bila sababu, alikuwa ameiamuru mashine: ukifunikwa, usilale, ila zima mtandao, mpaka niuwashe mwenyewe. Alikuwa amejisifu sana siku ile. Kumbe mchezo wote ulikuwa ni utii! Mashine ilidhani imefunikwa, ikatekeleza agizo la mwenye nyumba.

Lakini kwa nini idhani imefunikwa?

Akaacha daftari la mashine wazi, akaegemea mezani kama asubuhi. Mstari mpya ukaandikwa: kifuniko kimefungwa. Akajiondoa. Kifuniko kimefunguliwa. Akaegemea tena, kimefungwa. Akacheka peke yake kama mtoto aliyegundua kivuli chake. Akavua utepe wa kupimia shingoni, akaegemea: kimefungwa. Akaweka mkasi mbali. Kimefungwa. Akavua kastabini kidoleni, akaegemea kwa mkono wa kulia peke yake. Daftari likanyamaza. Akauweka mkono wa kushoto upande wa kushoto wa kibodi, na pini zilizonata kwenye bangili zikametameta chini ya taa. Kimefungwa.

Akatulia. Akachomoa pini moja, akaipitisha taratibu kwenye ukingo wa kifuniko, kuanzia juu. Karibu na pembe ya kushoto pini ikavutwa, ikanata. Hapo akaelewa yote. Kifuniko kilikuwa na sumaku yake ndogo ndani, na mashine ilijua kimeshuka kwa kuihisi sumaku hiyo ikiikaribia. Haikuwa na macho ya kuitofautisha na sumaku ya fundi cherehani. Kwa wifi yake mtandao haukukatika kwa sababu kwa watu yeye huenda mkono mtupu.

Alivua bangili, akaiweka mezani, akaitazama kwa muda. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mashine ilikuwa imepona. Lililobaki halikuwa na amri daftarini.

Alimkuta wifi yake amekaa jikoni, hapiki wala haoshi.

"Wifi, nimekosa," Fundi alisema mlangoni. "Nimekutuhumu na wewe huna hatia. Amri niliandika mimi, na sumaku niliivaa mimi."

Wifi hakumtazama. "Mwezi mzima unanifikiria hivyo?"

"Sio mwezi mzima. Ila leo nilikufikiria, na nikasema kwa mdomo wangu. Naona aibu."

"Mimi nilisema nani atanishonea. Nilikuwa nasema nitakukosa, wewe mwanamke."

Macho yakamlowa Fundi. Wifi alimwacha hivyo kwa muda, kwa sababu naye alikuwa binadamu na alistahili kuombwa radhi. Kisha akauliza, "Sasa huo mtihani utashonaje bila pini?"

"Sijui. Nikiziweka mezani zitatawanyika."

Wifi alinyanyuka, akachukua kipande cha sabuni ya mche juu ya sinki, akakipangusa kwa upindo wa gauni. "Chomeka humu. Nitakushikia."

Saa nane kamili watahini watatu walitokea kwenye kioo. Fundi alikata, akapinda, akabana, na kila aliponyoosha mkono kando, pini ilikuwa pale kwenye sabuni iliyoshikwa na mtu ambaye kamera haikumwona. Pini zilizotoka kwenye sabuni ziliingia kitambaani kwa ulaini hata akajiuliza kwa nini hakuijua mbinu hiyo tangu ujana. Kola ilikaa. Pembe zake mbili zilitazamana bila kupishana hata upana wa uzi.

Mtahini mmoja, mama mwenye miwani, alisogeza uso kwenye kioo. "Fundi, swali moja. Miaka ishirini na miwili ya kazi, na mkononi huna bangili ya pini?"

"Ninayo," Fundi alijibu. "Nimeivua ili mnione."

Nje ya kamera, sabuni ilitikisika kwa kicheko kilichozuiwa. Watahini walinong'onezana, kisha yule mama akasema muhula ukianza afike na mkasi wake, wanafunzi watamsubiri.

Kioo kilipozimwa, wifi aliiweka sabuni mezani, akaiokota ile bangili kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyekamata mwizi.

"Asubuhi ulinianzia methali ukaiachia njiani," alisema. "Leo mwanzo nashika mimi. Kikulacho..."

Fundi aliipokea bangili yake, akaifungia kwenye droo. "Ki nguoni mwangu, wifi. Tena nimekivaa mwenyewe."

Wakacheka wote wawili, na safari hii kicheko hakikumkwama mtu. Kisha wakaishika ruta pamoja, mmoja akishika kifaa na mwingine akikunja waya, kuirudisha sebuleni ilikotolewa kwa dhuluma. Ama kweli waliosema hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.