Ulikosema Ndiko Utafutwako

"Ulikosema ndiko utafutwako!" Mama yake Kitwana alimtupia mwanawe maneno hayo mlangoni, kisha akaingia ndani bila kungoja jibu. Kitwana alikuwa ameaga kwenda tuisheni, naye akaenda uwanjani. Mdogo wake alipotumwa kumwita aje kula biriani ya mjomba, alimfuata tuisheni, akarudi peke yake. Biriani ikaliwa, ikaisha.

Vijana waliokuwa barazani walimcheka Kitwana mpaka akanuna. Kisha mmoja wao, Rukia, akamgeukia Bi Mize aliyekuwa akichambua mchele.

"Bibi, maneno haya ni ya nani? Mbona kila mama anayo?"

"Yana mwenyewe," Bi Mize akasema. "Methali nyingi hazijulikani zilizaliwa wapi, lakini hii nilikuwapo ilipozaliwa. Sogeeni. Na wewe Kitwana, hukufa kwa kukosa biriani. Sikilizeni ilivyoanza."

Alikuja kisiwani kwetu Shungi mgeni mmoja, jina lake Shemsa, mzaliwa wa Tanga. Kazi yake ilikuwa kuzamia bandarini. Alishuka chini ya meli na mtungi wa hewa mgongoni, akakwangua uchafu ulioganda na kukagua nguzo za gati. Kazi hiyo ina sharti lake. Mzamiaji hufungwa kamba kiunoni, na juu hukaa mtu anayeivuta kila mara kumuuliza, uko salama? Naye sharti avute kujibu. Akirudi nyumbani, huko nako kuna mama, kaka na majirani, na wote wana maswali. Basi alipopata likizo, aliapa kwenda mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza kitu. Akafunga mitungi yake, miwani ya kuzamia na mapezi ya mpira, akaingia visiwani peke yake. Leo kisiwa hiki, kesho kile, akizama kutazama samaki na matumbawe kwa raha ya macho tu.

Maskini, hakujua kwamba visiwani ndiko kwao maswali.

Shungi alipanga chumba kwa Bi Mwatima, mjane jirani yetu, na akakodi kiboti cha mashine kwa Faki, mvuvi wa kuzamia. Asubuhi ya kwanza alipotoka na mtungi wake, Bi Mwatima alikuwa mlangoni.

"Wapi leo, mwanangu?"

"Natembea tu, Bi Mwatima."

"Kutembea kuna mahali."

"Huko huko baharini."

"Bahari nzima? Utarudi mwakani, basi."

Alipofika pwani, Faki naye akampokea kwa swali lile lile. Shemsa alipoendelea kupakia mtungi wake, Faki akacheka. "Dada, Tanga hamuagani? Mnachomoka tu kama panya?"

Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu Shemsa akapata dawa yake. Bi Mwatima alipofungua kinywa tu, yeye akawahi: "Nakwenda Ukombe."

Ukombe ni kisiwa kidogo kilicho kaskazini yetu, hakikaliwi na watu. Kando yake kuna shimo refu la bahari ambalo wageni hupenda kulizamia.

Bi Mwatima alifurahi kama aliyepewa zawadi. "Umeona! Ulimi haukukatika. Ukombe, basi. Lile shimo lina mkondo, mwanangu, usilizoee."

Shemsa akaelekea kaskazini mpaka rasi ikamficha. Hapo akageuza kiboti, akakizunguka kisiwa kwa nyuma na kwenda kusini, Fungu Nyange. Fungu hilo ni mchanga mtupu unaojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa, na pembeni yake kuna mwamba. Huku anaendesha, anacheka peke yake. Hakuwa na nia mbaya. Alitaka siku moja isiyojulikana na mtu.

Alitia nanga kwenye mwamba, akashuka. Chini alikuta bustani. Matumbawe yametanda kama uyoga mkubwa, chewa amelala pangoni na mdomo wazi, na kasa anakula majani taratibu bila kumtazama mara mbili. Hakuna kamba, hakuna sauti ila pumzi yake mwenyewe. Baadaye alisema kwamba hajapata kuwa na furaha kama ile.

Alipoibuka, kiboti hakikuwapo.

Akazama tena kutazama. Nanga ilikuwa pale pale, imenasa mwambani, na kamba yake imekatwa na ncha kali ya jiwe. Akapanda kwenye fungu la mchanga. Kwa mbali akakiona kiboti, upepo wa kusi na maji yanayojaa yanakisukuma kuelekea Shungi. Kuogelea hadi huko hakukuwezekana, kwa kuwa katikati hupita mkondo unaotoka bahari kuu. Lakini moyo ulitulia. Akajiambia, watakiona, watajua kimetoka wapi, watakuja.

Na kweli tulikiona. Nilikuwa pwani kiboti kilipofika, ndani mna nguo zake na chupa ya maji, mtu hamna. Faki alitazama upepo, akatazama maji.

"Hiki hakikutoka Ukombe," akasema. "Kusi inavuma na maji yanajaa. Kimetoka Nyange."

"Mgeni wangu kaniambia Ukombe," akasema Bi Mwatima.

"Bi Mwatima, bahari haisemi uongo."

"Na mgeni wangu ndiye anayesema? Mtu huenda anakata roho, nawe unataka nimwite mwongo naye hayupo kujitetea? Kaniambia kwa kinywa chake, Faki. Ukombe!"

Hapo ubishi ukaisha. Kwetu neno la mgeni halitenguliwi mwenyewe hayupo. Labda kiboti kimezungushwa na mkondo, tukasema, nani ajuaye. Siku hiyo boti zenye mashine zilikuwa mbili tu, hicho kiboti kikiwamo, na shimo la Ukombe lilihitaji kila mtu anayejua kuzama. Zote mbili zikaenda kaskazini, na Bi Mwatima akiwa ndani ya mojawapo.

Shemsa aliziona. Aliona madoa mawili meupe yakitoka Shungi, akasimama, akapunga mapezi yake ya manjano, akapiga filimbi. Madoa yakageuka. Yakampa kisogo, yakaenda moja kwa moja kule kule alikosema. Hapo ndipo alipolikumbuka neno lake la asubuhi, akaketi mchangani.

Maji yakafika vifundoni, yakafika kiunoni. Yeye ni mtu wa kazi ile, hakupapatika. Alivua mkanda wa risasi, ule mzito unaomzamisha mzamiaji, akajaza hewa koti lake la kuelea, akajifunga kwa kipande cha kamba kilichobaki kwenye nanga mwambani ili mkondo usimchukue. Akalala juu ya maji kama boya. Fungu likazama lote. Hakubaki na la kufanya ila kungoja watu wamalize kumtafuta asipokuwapo.

Huko Ukombe, Faki alikuwa akizama shimoni bila mtungi wala miwani, anaibuka, anavuta pumzi, anazama tena. Wenzake walipomzuia hakusikia. Alidhani mgeni amenasa chini. Mwisho aliibuka na damu sikioni, ndipo wakamshika kwa nguvu. Bi Mwatima akasema kwa sauti ndogo, "Haya. Twendeni Nyange."

Walimkuta alasiri, midomo imepasuka kwa chumvi na jua, kamba bado iko kiunoni. Alitazamia matusi. Hakutukanwa. Faki alimnyooshea mkono mmoja kumpandisha, na kwa mkono wa pili alishika kitambaa sikioni.

"Sikio lako limefanya nini?"

"Shimo la Ukombe," Faki akasema. "Nilikufuata chini."

Shemsa alijua sikio la namna hiyo maana yake nini kwa mtu anayeishi kwa kuzama: huenda asizame tena. Siku nzima hakulia, lakini hapo alilia.

"Kiboti kilipofika," akauliza, "hamkujua kimetoka wapi?"

"Tulijua, dada. Bahari ilitwambia lake, nawe ulitwambia lako. Tukakuamini wewe."

Asubuhi yake Shemsa aliamka mapema, akavaa, akapita jikoni. Bi Mwatima alikuwa akikoroga uji. Alimpa bakuli, akaendelea kukoroga. Shemsa akanywa, akatoka hadi mlangoni, akasimama. Akangoja. Nyuma yake ukasikika mwiko tu.

"Bi Mwatima, leo huniulizi?"

"Nikuulize ya nini, mwanangu? Jana ulinijibu hata sijauliza, nikaenda huko." Hakuinua sauti. "Ulikosema ndiko utafutwako. Sisi hatuna pengine pa kukutafutia."

Shemsa akarudi, akapiga magoti karibu na jiko. "Nampeleka Faki hospitali, ng'ambo. Tutalala huko. Kesho jioni tutarudi, tutashukia gatini."

Bi Mwatima aliacha kukoroga. "Ng'ambo, hospitali, kesho jioni, gatini," akayarudia polepole, kama mtu anayepokea amana.

Na kesho yake jioni, boti ilipochelewa, hapakuwa na ubishi pwani. Hakuna aliyetazama kaskazini wala kusini. Faki aliyekuwa akiongoza utafutaji hakuwapo, lakini hata mtoto angejua pa kuelekea. Boti moja ikawashwa, ikaenda moja kwa moja upande wa ng'ambo, ikawakuta katikati ya njia, mashine imezima na Shemsa anapiga kasia.

Ndiyo maana kwetu tunaulizana, wanangu, na ndiyo maana tunajibu kweli. Ulikosema ndiko utafutwako.