Mawe Sita ya Mwanakheri

Shindano la kulenga lilibakiza watu wawili: Shomvi, tajiri mwenye uwanja, na Mwanakheri, mjane asiye na hata kuku. Jiwe likipiga kopo ni chanya moja, likipiga debe ni hasi moja. Zawadi ilikuwa kondoo.

“Uwanja wangu,” alifoka Shomvi. “Alama zote za mjane huyu nijumlishiwe mimi!”

“Zote, bwana?” aliuliza Mwanakheri.

“Usibakize hata moja!”

“Haya. Nyote mmesikia.”

Shomvi akapiga kopo mara tano, jiwe la sita likapotea. Mwanakheri akatupa yake sita, yote yakalia kwenye debe. Shomvi akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

“Hasi sita zako hizo, bwana. Jumlisha na tano zako, una hasi moja. Mimi nina sifuri, nimekuzidi.”

Mwanakheri akamfungua kondoo kamba.