Mbwana, Gemu Mbili na Neno "Mwache"

Nyie mnaotuma picha za maua humu kundini kila asubuhi, leo pumzikeni. Someni hii mpaka mwisho, halafu mtumieni na mwenzenu. Nimeletewa na shangazi yangu, naye hakusema kaipata wapi, ila mimi ilinikata maini.

Palikuwa na mwanamume mmoja mjini Tanga, jina lake Mbwana. Alikuwa na chumba cha gemu, televisheni mbili na makochi yaliyochoka. Si gemu za mpira. Zake zilikuwa zile za hadithi: unapewa msafiri wako, mnafika mahali, maandishi yanatokea kwenye kioo, fanya hivi au fanya vile. Unachochagua ndicho kinachoendesha hadithi. Watu wazima na akili zao walikaa pale mpaka chai zikawapoa mkononi.

Zilizopendwa zilikuwa mbili. Ya kwanza iliitwa Msitu. Kwenye Msitu ukichagua vibaya, mtu wako akafa, unabonyeza "Rudi" na kuanzia pale ulipokosea. Ya pili iliitwa Daraja. Hiyo haina kurudi. Ukishabonyeza, umebonyeza.

Mbwana alikuwa mtu wa Msitu. Daraja aliichukia, na sababu yake tunaijua. Siku ya kwanza kuicheza alifika darajani akakuta askari kamkamata mwanamke mpita njia. Maandishi yakatokea: MSEMEE au MWACHE. Mbwana akabonyeza MWACHE, akidhani anamwambia askari amwachie yule mama. Kumbe gemu ilimaanisha wewe msafiri, mwache hapohapo, nenda zako! Msafiri wake akageuka akaondoka, mwanamke akabaki mikononi mwa askari.

"Mimi nilimaanisha aachiwe!" Mbwana alikifokea kioo.

Mkewe, Mwanahawa, alikuwa amesimama nyuma yake. Akamwambia, "Mume wangu, gemu haijui ulichomaanisha. Inajua ulichobonyeza."

Sasa ngojeni niwaambie jambo la huyu Mbwana. Hasira zake zilikuwa karibu mno. Alishamwacha Mwanahawa mara mbili. Mara ya kwanza kisa mchuzi umeungua, jamani, mchuzi! Mara ya pili kisa kachelewa kurudi kutoka arusini. Zote mbili aliitamka talaka kwa sauti, mtaa mzima ukasikia. Zote mbili, kabla eda haijaisha, akamrudia mkewe kwa doti ya kanga na maneno matamu.

Na hesabu yake mnaijua. Talaka ya kwanza ina kurudi, ya pili ina kurudi. Ya tatu mlango umefungwa. Kwa hiyo kati ya Mwanahawa na barabara lilikuwa limebaki neno moja tu, na neno lenyewe liko mdomoni mwa mtu wa hasira. Mwanamke alikuwa akiishi hivyo miaka miwili, anapika hivyo, analala hivyo.

Siku ya tukio ilikuwa Alhamisi, baada ya adhuhuri. Mwanahawa alikuja na hotipoti la chakula, akawakuta wateja wanabishana gemu ipi kali.

"Msitu," Mbwana akakata shauri. "Inakupa nafasi. Mtu si malaika."

"Mimi nasema Daraja," akasema Mwanahawa.

"Wewe unajua nini kuhusu gemu?"

"Nipishe nicheze."

Wateja wakashangilia, akapishwa. Alicheza polepole, kila maandishi akiyasoma mara mbili. Alipofika darajani akabonyeza MSEMEE. Msafiri wake alipigwa, akanyang'anywa farasi, lakini yule mwanamke wakavuka naye. Wakaenda hivyo mpaka mwisho wa hadithi, mahali ambapo Mbwana mwenyewe, mwenye chumba, hakuwahi kufika.

"Mama katisha!" akasema Fundi Semkiwa, seremala wa jirani. "Umewezaje?"

"Nilijua sina pa kurudi, nikasoma kwanza," akajibu Mwanahawa, akasimama kujifunga kanga yake. "Huyu bwana kazoea kurudirudi."

Alikuwa anasema gemu. Labda. Mimi sikuwepo. Lakini wateja walisikia lingine, wakaguna "Mmmh!", na mmoja akashindwa kujizuia akacheka. Mbwana uso ukamwiva. Mwanahawa alipofika mlangoni, akamdaka mkono.

"Rudia ulichosema."

"Unaniumiza."

"Nimesema rudia!"

Fundi Semkiwa akainuka. "Mbwana, mwache!"

"Mwache mwenzio!" wakadakia wengine. "Mwache, bwana, mwache!"

Mbwana akawageukia watu wote, akaufungua mkono wake juu waone, akapaza sauti:

"Haya! Nimemwacha!"

Gemu ilikuwa bado inapiga muziki wake wa mwisho na hakuna aliyekumbuka kuuzima. Mbwana alitazama nyuso za watu, kisha akautazama mkono wake, ndipo akaelewa kilichomtoka.

"Mkono," akasema. "Nimeuacha mkono! Mmeniambia nimwache, nimeuacha mkono!"

Mwanahawa akaivuta kanga yake taratibu, akajifunika kichwa na uso mpaka yakabaki macho. Hivyo ndivyo anavyojisitiri mwanamke mbele ya mwanamume asiye wake. Mbwana alipoona vile, akaomba waende kwa shehe.

Wakaenda kwa Shehe Mhina. Mbwana mbele, Fundi Semkiwa shahidi wake katikati, Mwanahawa nyuma kabisa. Alitembea peke yake kwa sababu hakujua atembee na nani. Walipofika shehe ndiyo kwanza ameingia kuswalisha alasiri, ikabidi wasubiri barazani. Mara mbili Mbwana alimwita mkewe kwa jina, na mara zote mbili mkewe hakuitika.

Shehe alipotoka akawasikiliza wote watatu, hakumkatiza mtu. Kisha akamgeukia Mbwana.

"Neno ulilosema lina njia mbili. Iliyokuwa moyoni mwako unaijua wewe na Mola wako. Nijibu, na ujue unamjibu nani. Uliacha mkono au uliacha mke?"

"Mkono, shehe. Wallahi, mkono."

"Fundi, alikuwa kamshika?"

"Kamshika hasa, na ni sisi tuliomwambia amwache."

Shehe akazisugua tasbihi zake.

"Basi talaka haijapita," akasema. "Huyu ni mkeo. Na uache mikono yako na ulimi wako vipumzike."

Mbwana akaangua kilio pale pale, dume zima. Akapiga magoti mbele ya mkewe. "Alhamdulillahi! Mke wangu, twende nyumbani. Nimejifunza, wallahi sirudii."

Lakini Mwanahawa hakuifunua kanga usoni.

"Shehe," akasema, "na mwanamke akitaka kutoka, mlango wake uko wapi?"

Shehe akashtuka. "Upo, mwanangu. Ni khului. Unamrudishia mahari yake, tunalipeleka kwa kadhi."

"Mahari yangu ilikuwa cherehani. Iko kwake sebuleni, namrudishia na kitambaa chake. Naomba uandike."

"Hawa!" Mbwana akapiga kelele. "Shehe kasema talaka haijapita! Kasema wewe ni mke wangu! Mara hii moja tu, nipe, turudi nyuma!"

Mwanahawa akamtazama. Sauti yake haikupanda.

"Nimekaa hapa barazani alasiri nzima nikingoja niambiwe kama mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu. Na si leo tu, ni miaka miwili. Wewe Mbwana ulikuwa unahesabu zako: moja, mbili, imebaki moja. Hukuniuliza hata siku moja mimi zangu zimebaki ngapi."

Mbwana akanyoosha mkono aishike kanga ya mkewe, naye akasogea nyuma.

"Zangu ziliisha kwenye ya pili," akasema Mwanahawa. "Hii ya leo ulikuwa unacheza peke yako."

Chumba cha gemu kipo mpaka leo. Wateja wakimuuliza Mbwana kati ya Msitu na Daraja ipi kali, hujifanya anatafuta rimoti.

Funzo: Usijivunie mara ngapi unaruhusiwa kumrudia mtu, muulize yeye amebakiwa na mara ngapi za kukupokea.