Mikaratusi ya Maharusi wa Ikumbilo

"Kivuli hakikati kiu." Vijana waliisikia methali hiyo kwa mjomba wao, mara tu mchumba wa dada yao alipoaga. Kijana yule alikuja na suti inayong'aa na maneno matamu, lakini alipoulizwa anaishije, akacheka tu. Basi jioni wakamfuata Bibi Tusekile jikoni, akiwa anamenya viazi.

"Bibi, hiyo methali ya mjomba, nani aliisema kwanza?"

"Mwanamke mwenye mtoto mgongoni," akajibu. "Nisogezeeni sufuria. Ilianza hivi."

Ikumbilo kilikuwa kijiji cha uwanda wa juu, nyasi mpaka macho yachoke. Mvua za kwanza zikinyesha, maua ya kila rangi yalichomoza humo, kisha yakajificha tena. Wanawake walikata nyasi za kuezekea wakiacha mashina, na wazee walichoma uwanda vipande kwa zamu, umande ungalipo, ili moto usije ukala wote kwa mpigo. Katikati palikuwa na bonde lenye unyevu, na mwisho wa bonde, chemchemi.

Lakini majirani waliwacheka. "Nyie wa kijiji chenye upara! Mkwe akija mnamkalisha wapi? Chini ya ng'ombe?"

Neno hilo liliwauma. Wakakubaliana kila bwana harusi apande mkaratusi, na aupande bondeni, maana ndiko miti ilikoshika upesi. Mti ukistawi, watu walisema ndoa imestawi. Uchomaji wa zamu ukaachwa, miti isije ikaungua.

Lugano alipomwoa Subilaga, alipanda wake. Subilaga aliupenda mti ule. Alipokuwa na mimba alikaa chini yake akishona vinguo vya mtoto, na Lugano akipita humtania, "Huu unarefuka, wewe unanenepa. Nimepata vyote."

Miaka ikapita. Chini ya mikaratusi nyasi zikatoweka, maua hayakurudi. Chemchemi nayo ikapungua, mpaka Subilaga akawa anakinga maji kwa kikombe huku mwanawe, Anyitike, analia mgongoni. Na mvua ilikuwa imenyesha vizuri! Ikambidi aende bonde la pili, mbali, kule ambako hakuna aliyepanda kitu. Huko alikuta nyasi zimesimama kiunoni na maji yanatiririka. Akarudi na ndoo kichwani, akapita kwenye mti wake, akachukua udongo kiganjani. Ulikuwa mkavu kama unga. Alielewa, na alitamani asielewe.

Kwa shida hiyo ya maji, mkutano ukaitishwa kuamua kama kijiji kihamie chini, kwenye joto na homa za watoto. Watu walikaa bondeni.

"Angalau leo tunakutana kivulini," akasema Mzee Asajile, mkuu wa kijiji. "Hilo tumshukuru Mungu."

Subilaga akainuka. "Samahani, baba. Mwanangu yupo kivulini tangu asubuhi, na bado analilia maji. Kivuli hakikati kiu."

"Una maana gani, mama Anyitike?"

"Miti hii inakunywa maji yetu. Bonde la pili lina nyasi tupu, na maji yapo."

"Aa!" akadakia mwanamke mmoja. "Mti wa harusi yangu ukatwe? Si useme tu niachike!"

Watu wakacheka, ila kicheko hakikwenda mbali. Subilaga akamtazama mumewe. Alijua anamwomba nini. Lugano akaenda kuushika mti wake, akaupapasa gome.

"Ndoa yangu ile pale, imesimama na mtoto mgongoni," akasema. "Huu ni mti."

Akaomba shoka.

Wengine wakamfuata mmoja mmoja, lakini haikuwa kazi ya siku moja. Visiki vilichipua tena kwa ukaidi, na wanawake wakawa wanayakata machipukizi kila walipokwenda kukata nyasi. Waliotaka miti waliipanda majumbani, mbali na bonde. Zamu za kuchoma zikarudi, na ng'ombe wakazuiwa bondeni mpaka nyasi zishike. Mwaka wa kwanza, hakuna kitu. Wapo walionuna, wakamwita Subilaga mvunja ndoa za watu. Yeye akaendelea kwenda bonde la pili na ndoo yake, akirudi anachungulia: nyasi zinaota nyembamba, laini, kama nywele za kichanga.

Mvua nyingine zilipokwisha, alikuta tope pale chemchemi ilipokuwa. Akachimba kwa mikono. Maji yakaja polepole, machafu kwanza, kisha meupe. Akamshusha Anyitike, ambaye sasa alitembea, naye akapiga magoti, akanywa kwa pupa hadi maji yakampanda puani, akapiga chafya, akanywa tena. Jua lilikuwa la utosi. Mama yake alikaa juani hivyo hivyo, jasho linamtiririka, akamwacha mtoto anywe mpaka atosheke.

Kivuli hakikati kiu.