Kilemba cha Siwatu

"Aliyekana mbeleko hadai kilemba." Jana mmeusikia msemo huo ukitupwa katikati ya posa, mkaangua kicheko, kisha leo mmekuja kwangu kuuliza ulikotoka. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na siku ilipoanza hakuna aliyecheka.

Katika mji mmoja wa Mrima palikuwa na fundi wa kushona kanzu, jina lake Shebwana. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko ulimi wake. Mkewe aliitwa Mwanatumu, binti wa wapiga makumbi, wale wanaofukia maganda ya nazi matopeni hadi yaoze, kisha wakayaponda wapate nyuzi za kusokotea kamba. Walikaa vizuri mpaka Shebwana alipompenda binti wa tajiri mmoja aliyekuwa mteja wake. Akampa Mwanatumu talaka. Ilimuuma, lakini talaka haikuanzia kwake wala haikuishia kwake, akafunga virago vyake akarudi kwao.

Tatizo lilikuwa mimba. Mke akiachwa na mimba, eda yake haishi mpaka ajifungue, na muda wote huo mume ndiye wa kumlisha na kumpa makazi. Mtoto akizaliwa, matunzo yake ni juu ya baba. Tajiri hakutaka binti yake aingie katika nyumba yenye mzigo huo, na Shebwana akatafuta njia ya mkato. Akaenda kwa kadhi, akasema mimba ile haijui.

Kadhi akamwonya kwamba neno hilo lina kiapo kizito. Akaapa. Mara nne alishuhudia kwamba mtoto si wake, na ya tano akajitakia laana ya Mungu ikiwa anasema uongo. Mwanatumu naye akaapa kwamba mwanamume huyo ni mwongo. Alipomaliza alimtazama Shebwana, akitegemea kumwona na haya japo kidogo. Shebwana alikuwa anachomoa uzi uliojitokeza kwenye kanzu yake. Basi kadhi akakata: Shebwana hadaiwi chakula cha eda wala matunzo, na mtoto ataitwa kwa jina la mama yake.

Akazaliwa mtoto wa kike, kidole chake cha pili cha mguu kimepanda juu ya mwenziwe, sawasawa na cha Shebwana. Mwanatumu alipokiona alilia kwa hasira. Akamwita mtoto Siwatu. Kwa mila za kwao, baba ndiye anunuaye mbeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Bi Mwamvua, shangazi yake Mwanatumu, hakuweza kuvumilia. Akaenda dukani kwa Shebwana kuomba nguo hiyo tu, hata iwe kuukuu.

"Mbeleko hununua mwenye mtoto," Shebwana akamjibu, na cherehani hakuisimamisha.

Mwanatumu akachana shuka ya kitandani kwake, akambebea mwanawe. Kwa shuka hiyo alishuka naye matopeni, akaponda makumbi mtoto yuko mgongoni. Siwatu akakua ananuka makumbi, na watoto wenzake wakamzomea kwa mambo mawili, harufu na baba. Harufu iliondoka kwa sabuni. La pili alirudi nalo nyumbani.

Akawa mwari, akaposwa na kijana seremala mwenye adabu zake. Siku ya ndoa wazee wa bwana harusi walikuja na sinia. Juu yake palikuwa na mkaja wa mama, zawadi ya aliyebeba mimba, na kilemba cha baba, kitambaa cheupe laini kilichokunjwa vizuri, heshima ya mtu aliyezaa binti akamlisha hadi akaozwa. Kadhi yuleyule, sasa mzee wa kuongozwa mkono, alikuwapo awe walii wa kumwoza Siwatu, kwa kuwa binti hakuwa na baba.

Ndipo Shebwana akabisha hodi. Amevaa joho. Yule binti wa tajiri aliyemwoa hakumzalia, na mji ulikuwa umeanza kumsema. Akaingia, akakaa karibu na sinia.

"Kilemba hicho ni changu," akasema. "Damu haifichiki. Mtazameni binti huyo mguu."

Ami yake bwana harusi akafurahi waziwazi. "Kama baba yupo, hata sisi tutapumua. Wako ndugu zetu waliokataa kuja kwa sababu ya jambo hilo."

Nyuma ya pazia Mwanatumu aliyasikia yote. Alitamani atoke amwagie maji ya makumbi usoni. Lakini Siwatu alikuwa amemkamata mkono, macho yamemtoka kwa tumaini. Mwanatumu akameza uchungu wake. Akasema moyoni, na achukue kilemba, achukue na mkaja wangu, mradi mtoto apate jina.

"Shebwana," kadhi akasema, "mlango upo. Sema hapa mbele ya watu kwamba siku ile uliapa uongo, na kwamba ulimsingizia Mwanatumu. Ukisema, Siwatu ni binti yako na kilemba ni chako."

"Sheikh, hayo si ya zamani?"

"Ni maneno machache tu."

"Mimi mtu mzima, nina jina langu msikitini. Nimekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Kuja kwangu hakutoshi?"

"Hakutoshi."

Mwanatumu akatoka nyuma ya pazia. "Baba Siwatu," akasema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Sema. Sikudai kitu. Sema tu, mwanao apate kuitwa."

Shebwana akawatazama wazee, wote wamevaa kanzu alizoshona yeye. Akakitazama kilemba.

"Unataka kunivunjia heshima mbele za watu," akamwambia Mwanatumu.

Mwanatumu akaingia ndani, akarudi na kile kipande cha shuka, kimegeuka rangi ya tope. Akakiweka kwenye sinia, ubavuni mwa kilemba.

"Mbeleko hii hapa," akasema bila kupaza sauti. "Aliyekana mbeleko hadai kilemba."

Shebwana akatafuta viatu vyake. Siwatu alimwita "Baba" mara moja, kwa sauti ndogo, naye hakugeuka. Labda hakusikia.

Kadhi akafungisha ndoa. Jina lilisomwa Siwatu binti Mwanatumu, na baadhi ya wageni wakainamisha macho kwenye mkeka. Pilau ilibaki nyingi. Kilemba hakikuwa na wa kukipokea, na ami akasema kukirudisha ni mkosi, basi Mwanatumu akakitia sandukuni.

Siwatu alipojifungua, Mwanatumu alikitoa kilemba, akambebea mjukuu wake mgongoni, akashika njia ipitayo mbele ya duka la Shebwana. Fundi hasahau kitambaa. Shebwana akainua macho, akakitambua, na safari hii cherehani ikasimama.

"Mwanatumu," akaita. "Ni wa kiume au wa kike?"

Mwanatumu akapita. Waliokuwa wamekaa barazani wakatazamana, na mmoja wao akajibu badala yake:

"Aliyekana mbeleko hadai kilemba."